Aliyekaa Ndani Hahiji

Aleppo, 12 Oktoba 1964

Kwa Mahdesi Shangazi Yeranuhi,
Monasteri ya Mtakatifu Yakobo, Yerusalemu

Shangazi yangu mpenzi, pokea salamu zetu sote. Mimi mzima, Mama mzima isipokuwa magoti, na nyumba nzima inanuka pilipili maana tumezianika darini. Ukiona doa jekundu kwenye karatasi hii, usidhani ni damu.

Tangu Baba alipotutoka mwaka jana, hujapata barua kutoka nyumba hii. Yeye ndiye aliyekuwa akikuandikia, sisi tukichomeka salamu mwishoni. Sasa nimeshika kalamu mimi, Araksi, binti ya kaka yako, ambaye hujamwona ila katika picha ya ubatizo, nalia huku nimekunja ngumi. Ngumi nimezikunjua. Kulia bado nalia kidogo, hasa nikiona kiti chake.

Ama baada ya salamu, nimechumbiwa. Kijana anaitwa Hovsep, fundi viatu, mpole mpaka anakera. Taabu ni mama yake, Mahdesi Verjin. Alihiji huko kwenu kabla sijazaliwa, na tangu siku hiyo hata muuza vitunguu akimwita Verjin mtupu, hageuki. Januari ya baridi kali atapandisha mkono wa sweta ili watu wauone ule msalaba aliochorwa kwa sindano, pamoja na mwaka wa hija yake. Juzi aliushika mkono wangu, akaugeuza kama anayenunua samaki, akasema, "Mweupe pe! Mkwe wangu hataingia kanisani na mkono mweupe hivi."

Basi nataka kuja Pasaka. Lakini nisikudanganye, si kwa ajili yake tu. Tangu mtoto nataka kujua mahali unapoishi, na Baba alikuwa mchache wa maneno. Ni kweli hamuitwi kwa kengele ila kwa ubao unaogongwa? Ni kweli lango likifungwa usiku hafunguliwi mtu, hata awe askofu? Kuna mayai yananing'inia kanisani? Yamewekwa na nani, na kwa nini mayai? Kuuliza si ujinga, nijibu yote.

Na swali la mwisho ndilo kubwa: harusi itakuwa Septemba mwakani, baada ya Sikukuu ya Msalaba. Kwa upande wa Baba nimebaki na wewe tu. Utakuja?

Mwanao,
Araksi

*

Yerusalemu, 24 Novemba 1964

Araksi mwanangu,

Barua yako imefika na doa lake. Nililinusa. Msalimie wifi yangu, mama yako, na magoti yake. Mwambie yangu nayo yanamsalimu. Hapa mvua ya kwanza imenyesha, uwanja unateleza, na shemasi mmoja ameanguka na makopo ya mafuta. Hakuumia. Mafuta ndiyo tunayoyalilia.

Kabla ya mengine, futa hilo neno "Mahdesi" uliloliweka juu ya jina langu. Postamasta alilisoma kwa sauti, na wajane wote wa ua huu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mahdesi ni mtu aliyeondoka kwao, akaja akalizuru Kaburi la Bwana, akachorwa mkono, akarudi kujivuna. Mimi sikuhiji. Niliingia hapa mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu vyake, nikabaki. Aliyekaa ndani hahiji. Hao Mahdesi wako huja Pasaka, hukanyaga sakafu niliyoipiga deki kwa magoti haya, hupoteza leso, huniuliza choo kiko wapi. Wengine husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tunampa cheo! Mimi ninayepiga deki ni Yeranuhi, na kesho ni Yeranuhi.

Sinung'uniki. Nakueleza tu.

Sasa maswali yako. Ubao, ndiyo: umetundikwa barazani mbele ya kanisa, na shemasi huugonga kwa nyundo. Kengele zilikatazwa zama za masultani. Baadaye zikaruhusiwa, lakini masikio yetu yalikwisha uzoea ubao. Anayegonga sasa hugonga kama anayefukuza paka.

Mayai ni ya udongo uliochomwa, yamepakwa rangi, yamefungwa kwenye minyororo ya taa. Watu husema ni ya kuwazuia panya wasiteremke kunywa mafuta. Mimi ndiye ninayesafisha taa zile, na nakwambia panya wenyewe hawana habari.

Na lango, ni kweli tupu. Kuna askofu wa Amerika alichelewa kwa karamu mjini. Akagonga sana. Mzee Mardiros, bawabu wetu, akamjibu kwa kitundu cha mlango, "Mungu hasinzii, Baba Askofu, lakini mimi nasinzia." Alilala kwa Wagiriki.

Njoo Pasaka. Chumba changu kina nafasi, na nitakuonyesha mpaka mahali ambapo Mahdesi Verjin hakufika.

Kuhusu Septemba, huo ndio mwezi tunaoshusha taa zote kuziosha. Tutaona.

Shangazi yako,
Yeranuhi

*

Aleppo, 11 Januari 1965

Shangazi mpenzi,

Noeli njema, ingawa kwenu bado! Sisi tumekwisha kula na kuosha vyombo, ninyi mnafuata kalenda ya zamani mngali mnafunga. Mahdesi Verjin asema Yerusalemu hata Bwana huzaliwa kwa kuchelewa. Nilimsomea ile ya askofu na bawabu. Alicheka, kisha akakumbuka ya leso, akanuna. Nadhani leso ile ilikuwa yake.

Mama ametengeneza nyama iliyopikwa na cheri, ile aliyokuwa akikusifia Baba, na kwa mara ya kwanza kiti chake alikikalia mgeni. Nilitaka kumwondoa yule mgeni. Nilijizuia.

Shangazi, sasa nakuuliza jambo, na usinikasirikie. Nilipomsomea Mama barua yako, nilipofika kwenye "tutaona" aliweka sindano chini. Akasema, "Hiyo 'tutaona' naijua. Niliisikia siku ya harusi yangu. Niliisikia ulipobatizwa. Kaka yake wa pekee tumemzika, tulipeleka simu ya maandishi, jamaa zangu wa Beirut wakaja, wa Damasko wakaja, yeye akaleta 'tutaona'. Asipokuja safari hii, Araksi, mimi sina wifi."

Nilitaka kukutetea, ila kisa chenyewe sikijui. Una ugonjwa? Wanakukataza? Ni Mama aliyekukosea, au ni Baba? Nauliza kwa sababu nakupenda, na kwa sababu nikiacha swali bila jibu silali.

Araksi wako

*

Yerusalemu, 9 Machi 1965

Araksi,

Tumo salama. Kwaresima imeanza, kwa hiyo hapa ni dengu, na kesho dengu. Mtawa mmoja mzee amefariki, tumemzika vizuri. Miti ya lozi imechanua.

Njia ni hii: teksi ya kuchangia mpaka Damasko, kisha Amman, kisha huku. Kaa dirishani, usikubali kukaa katikati ya wanaume wawili wanaovuta sigara. Lete sabuni ya kwenu ya mafuta ya zeituni, mche mzima, na pilipili ya kusaga, kwa sababu mkono mtupu haulambwi na mimi sioni haya. Ukiingia mjini, muulize yeyote njia ya kwa Waarmenia. Ukimkuta Mardiros anakula, msubiri amalize.

Maswali yako yote nimeyasoma.

Yeranuhi

*

Aleppo, 12 Mei 1965

Shangazi yangu mpenzi mno,

Nimefika salama. Kikapu chako cha mikate kiliishia Damasko. Nisamehe, dereva alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na huruma. Kwetu Pasaka ilikwisha pita wiki moja kabla ya yenu, kwa hiyo nimeila mara mbili, na nguo ya harusi imebana. Mkono umepona. Mahdesi Verjin aliukagua kwa miwani, akasema msalaba wangu ni mdogo kuliko wake, lakini ameanza kuniita Mahdesi Araksi mbele za watu. Na mimi nageuka! Unaona? Nimekuwa kama wao.

Siku zile sitazisahau. Mimi niliyedhani nyumba ya watawa ni kimya tupu, nikakuta mji mzima ndani ya mji: watoto wanapiga mpira, vitambaa vimeanikwa juu ya makaburi ya maaskofu, wajane wanagombea bomba la maji. Ulinipandisha mpaka juu ya paa, ulinishikisha misalaba ambayo mahujaji wa zamani waliichonga ukutani, ulinipa ngazi nikalisafisha yai moja la taa. Lile la bluu ni langu sasa, mwambie panya.

Lakini nina jambo, na umenifunza mwenyewe kusema wazi.

Ile asubuhi ya kwenda kuchorwa, ulivaa koti la Jumapili. Tukashuka pamoja, tunacheka. Fundi wa kuchora yuko hapo nje tu, hata chafya yake inasikika langoni. Tukafika kwenye kizingiti, mimi nikavuka, wewe ukasimama. Ulisema umesahau leso. Nikakwambia, "Shangazi, leso umeishika mkononi." Ukasema basi ni ufunguo. Nikakuvuta kwa utani, nikaona mkono wako wa pili umeushika mlango mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

Nilikwenda peke yangu. Na baada ya hapo nikaanza kuangalia. Mikate ya ufuta mchuuzi anakukabidhi kwa juu ya kizingiti. Samaki unamwagiza mtoto wa jirani. Kaburini kwa Bwana Ijumaa Kuu tulikwenda sote isipokuwa wewe, uliyesema una tumbo, na tuliporudi ulikuwa unakula.

Nilimuuliza Mzee Mardiros. Alinitazama, akasema, "Binti, mimi nafunga mlango, sifungui vinywa. Muulize mwenyewe."

Sikuuliza, kwa sababu siku za kuondoka zilikuwa karibu na sikutaka kuziharibu. Mama sijamwambia. Amenishonea gauni, na meza ya harusi ameipanga: upande wa Baba kuna kiti kimoja. Sijui atakikalia nani.

Araksi

*

Yerusalemu, 2 Julai 1965

Mwanangu Araksi,

Salamu kwako, kwa mama yako, kwa Hovsep. Hapa joto, maji ya kisima yamepungua, yai lako la bluu liko salama.

Barua hii nimeianza mara nyingi na nyingi zimewasha jiko. Nitakuambia mara moja na usiniulize tena.

Tulikuja hapa kwa miguu baada ya yale yaliyowapata watu wetu, kufukuzwa na kuuawa: mimi, mama yetu, na baba yako mgongoni mwake. Baba yetu hatukujua yuko wapi. Monasteri ilitupa kona ya chumba. Vita vilipokwisha, watu wakaanza kusema nyumba zetu za mji wa Marashi bado zipo, waume wengine wanarudi. Mama akataka kwenda kuona. Mimi nilikuwa na homa, sikuweza safari, na baba yako, Toros, alikuwa bado mdogo wa kubebwa, hawezi kuachwa. Basi akanileta langoni asubuhi, akanisimamisha upande wa ndani wa kizingiti, akasema, "Kaa hapa. Usivuke hili jiwe mpaka nirudi. Nikija nisipokukuta, nitakutafuta wapi?"

Nikamwahidi. Akaenda.

Huko kaskazini mauaji yalianza tena, hilo unalijua. Toros aliokotwa Aleppo, akalelewa na masista. Tulipatana miaka mingi baadaye, padri aliposoma kanisani majina ya wanaotafutana, nikasikia la kwetu. Akaja akanitazama akiwa kijana mwenye masharubu mawili matatu. Nikamuuliza juu ya Mama. Hakuna alichokumbuka, ila harufu ya shali yake. Yeye alijua kwa nini sitoki. Nilimwomba asimwambie mtu, na kwa hiyo alivumilia maneno ya mkewe maisha yake yote kwa ajili yangu. Mwambie wifi yangu kwamba Toros alikuwa mtu kuliko alivyomjua.

Usidhani nina wazimu. Hesabu naijua, na umri wa mama yangu naujua. Nikiwa nimekaa jikoni nasema, Yeranuhi, mama yako amekufa barabarani kama walivyokufa wengine. Akili inakubali. Halafu nafika kwenye jiwe lile na miguu inakataa. Mwaka wa tetemeko watu wote walikimbilia nje. Mimi nilisimama chini ya upinde wa lango na mawe yanaanguka. Simu ya msiba wa kaka yangu ilipofika nilivaa koti, nikashika kikapu, nikashuka, nikasimama pale mpaka Mardiros akaleta kiti. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka jua likazama. Hayo ndiyo mazishi niliyomfanyia ndugu yangu.

Uchungu nilio nao kwa hilo siwezi kuuandika. Nimechoka.

Harusi njema, mwanangu. Nitakuwashia taa.

Yeranuhi

*

Aleppo, 28 Julai 1965

Shangazi yangu,

Sitauliza kitu. Nakueleza tu yaliyotokea hapa.

Nilimsomea Mama. Alikuwa anapepeta ngano, akaendelea kupepeta mpaka ngano yote ikawa chini, hajui. Kisha akaingia chumbani kwao akajifungia na shati la Baba. Alipotoka hakusema nami, alisema na kile kiti: "Ungeniambia, Toros. Ningekupunguzia kelele."

Bahati nzuri au mbaya, Mahdesi Verjin alikuwa sebuleni. Masikio ya yule mama hayafungiki. Nikadhani ataanza mahubiri. Akavua miwani, akafuta macho, jambo ambalo Hovsep asema hajawahi kuliona tangu azaliwe. Halafu akasema, nami nakuandikia kama alivyotamka:

"Huyo si yule aliyeandika kwamba aliyekaa ndani hahiji? Basi amesema kweli! Na dawa yake ni hiyo hiyo. Atoke, aje hapa, acheze harusi ya mwanangu, kisha aende Yerusalemu kama sisi sote. Akienda kutoka Aleppo si mhujaji huyo? Nitamsindikiza mimi mwenyewe nione nani atakayemnyima jina!"

Mama akamwambia, "Verjin, huelewi, mwanamke anamngoja mama yake."

Akajibu, "Naelewa kuliko wewe. Mama akirudi atamuuliza bawabu. Bawabu si ana mdomo?"

Shangazi, mimi sijui kama hilo ni jibu. Naliandika tu, ufanye utakavyo. Kiti kipo ukija, na usipokuja kitabaki kitupu, hatakikalia mtu, na hakuna atakayenung'unika tena katika nyumba hii.

Araksi

Mimi sijui kuandika vizuri. Wifi, nisamehe. Njoo. Damu nzito kuliko maji. — Mama Araksi

*

Yerusalemu, 20 Oktoba 1965

Araksi mwanangu, mke wa watu sasa,

Nimerudi. Msalimie Hovsep; bado natamba na viatu alivyonishonea, ingawa cha kushoto kinalia. Wifi yangu mwambie sijapata usingizi mzuri kama niliolala kwake, na zile nyimbo tulizoimba jikoni asizirudie mbele ya padri. Kaburi la Toros mnalitunza vizuri. Ahsanteni.

Mahdesi Verjin alinisindikiza kama alivyoapa. Njia nzima aliimba zaburi na kula mbegu za maboga. Tulipofika langoni alinisukuma mbele. Mardiros alikuwa anakula, tulimsubiri. Akajifuta mdomo, akasimama wima kama anavyowasimamia wageni, akauliza, "Mhujaji anatoka wapi?" Nikasema, "Aleppo." Sauti ilinitoka ndogo. Akasema, "Karibu, Mahdesi. Umechoka na njia." Wajane wa uani walikuwa wametoka wote, wakapiga vigelegele, na yule shemasi akaugonga ubao saa isiyo ya sala, amepewa adhabu na hajali.

Nilikwenda Kaburini kwa Bwana. Kwa mara ya kwanza, Araksi, na ni mwendo wa kupika yai. Nililia sana, sikuona haya. Kisha nikachorwa. Fundi aliuliza kama inauma, nikamtukana. Msalaba wangu ni mkubwa kuliko wa Verjin, nimehakikisha.

Mlipokuwa mnanilisha na kunichezesha hapo Aleppo, hamkuniuliza nilivukaje lile jiwe. Mlikuwa na adabu, nami sikuweza kusema. Sasa nasema.

Nilishuka asubuhi na kikapu. Miguu ikafanya kama kawaida yake. Mardiros akanyanyuka kwenda kuleta kiti. Nikamwambia, "Acha kiti. Nina ujumbe." Akasubiri. Nikamwambia, "Akija mwanamke hapa ananiulizia, mzee sana, mwenye shali, mwambie Yeranuhi hakupotea. Mwambie nimekwenda harusi ya mjukuu wake. Akae ndani, apewe chai, asivuke hili jiwe. Safari hii angoje yeye."

Mardiros hakucheka. Alivua kofia, akaurudia ujumbe wote neno kwa neno mpaka nikaridhika. Ndipo nikavuka.

Na niliporudi, kabla ya vigelegele na kabla ya kushusha mzigo, nilimuuliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyekuja. Akasema, "Hakuja mtu, Mahdesi. Nilikaa tayari kila siku." Nikamwambia si neno, nikaingia kuziosha taa.

Shangazi yako,
Mahdesi Yeranuhi